Mlango wa Tanuri Ukikataa Kufunga au Kufunguka



Juma lililopita mama mmoja wa Lubumbashi alituita nyumbani kwake. Tulimkuta ameketi mbele ya tanuri lake la umeme, mkono shavuni. Jioni ile wakwe walitazamiwa, na usiku uliotangulia alikuwa ameliwasha tanuri lijisafishe ili aoke katika chombo safi. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Uliporudi alfajiri, mlango ulibaki umefungwa, hausogei hata kidogo. Baba wa watoto alikwisha kushika nyundo na patasi. Tulimwambia: «Baba, twakuomba, weka nyundo chini kwanza.»

Kwa nini tulimzuia? Sikilizeni.

Tanuri linalojisafisha lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1963 na kampuni ya General Electric. Kuoka mkate au kuku kwahitaji joto la digrii 180 hadi 250 hivi. Bali tanuri linapojisafisha, joto lapanda karibu na digrii 500. Mafuta na mabaki ya chakula yaungua yakawa majivu, nawe wayapangusa kwa kitambaa chenye maji. Fikirini basi: mtoto akiufungua mlango saa ile, hewa ya moto itampiga usoni, na mafuta yanayofuka moshi yakipata hewa mpya yaweza kuwaka ghafula. Ndiyo maana mafundi waliweka kufuli. Hawakuliweka ili kumsumbua mama. Waliliweka ili kumlinda mtoto.

Katika matanuri mengi ya siku hizi kufuli hilo ni kulabu inayozungushwa na mota ndogo. Yashika mlango kabla joto halijapanda mno, wala haiuachi mpaka joto lishuke, mara nyingi chini ya digrii 300. Kipimajoto chatoa habari za joto. Swichi ndogo zaeleza kama kulabu imefunga au imefungua. Ndipo mota hupata amri. Kwa hiyo mlango ukikataa kufunguka, msiulize, «Nitauvunjaje?» Ulizeni, «Kufuli langoja nini?» Kwa kawaida langoja mojawapo ya mambo matatu: joto lishuke, umeme urudi, au lipate amri.

Kwanza, joto. Baada ya kujisafisha, tanuri laweza kuhitaji saa nzima au zaidi kupoa. Ngojeni. Msimwagie maji mlango ili upoe upesi, maana kioo chenye moto kikipata maji ya baridi hupasuka.

Pili, umeme. Mota haiwezi kugeuka bila umeme. Ukikatika, mlango hubaki kama ulivyokuwa, na hakuna kosa lolote. Ukirudi, tengenezeni saa ya tanuri, zimeni kazi ya kusafisha, kisha ngojeni kidogo.

Tatu, amri. Tazameni kama alama ya ufunguo au kufuli inaonekana karibu na saa. Huenda mtoto amegusa kitufe kinachofunga vitufe vyote. Kwa matanuri mengi kukibonyeza kwa sekunde chache hukifungua. Kama sivyo, katisheni umeme wa tanuri kwenye swichi kuu ya nyumba, ngojeni dakika 5, kisha urudisheni. Tegeni sikio: mota ikinguruma kidogo, ni dalili njema. Ikiwa hakuna mngurumo, au yanguruma wala mlango haufunguki, hapo iteni fundi. Yeye atapima mota, swichi na kipimajoto, kila kimoja peke yake.

Yako pia matanuri yenye taabu ya namna nyingine: mlango haufungi, na kwa sababu hiyo kazi ya kusafisha haianzi. Hapa sababu mara nyingi ni ndogo. Sinia limetokeza mbele. Mafuta yaliyoganda yamejaa katika tundu la kulabu. Utepe unaozunguka ukingo umetoka mahali pake. Au bawaba zimepinda kwa kuwa watoto wameuegemea mlango ukiwa wazi. Oshe­ni tundu na ukingo kwa maji ya sabuni yenye uvuguvugu, lakini utepe ule msiusugue kwa nguvu. Bawaba zilizopinda ni kazi ya fundi. Jambo moja twalikataza kabisa: kuingiza kijiti ili kuidanganya swichi, tanuri lidhani mlango umefungwa. Mwenye kufanya hivyo ameondoa kinga ya watoto wake kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa turudi kwa mama yetu. Tuligusa ubavu wa tanuri: ulikuwa baridi. Basi joto lilikwisha kushuka, na umeme ulikwisha kurudi. Lililobaki ni amri. Tulitengeneza saa, tukazima kazi ya kusafisha, mlango haukusogea. Baba akaenda kukatisha umeme, tukangoja dakika 5 naye amekaza macho kwenye saa yake. Umeme uliporudishwa, mota ikanguruma, na mlango ukafunguka. Baba alicheka, akairudisha nyundo mahali pake, akapangusa majivu yeye mwenyewe. Wakwe walipofika, keki ilikuwa mezani. Kama angalitumia patasi, kioo kingalivunjika na kulabu kupinda, na ubaya wa dakika 5 ungalikuwa hasara ya miezi mingi.

Mwisho, shauri moja. Msisafishe tanuri kwa njia hii usiku wa kuamkia karamu. Joto kali huchosha vyombo vya ndani, na kikiharibika kimoja, hamtapata nafasi ya kukitengeneza. Lisafisheni karamu ikiisha, mchana, siku ambayo umeme umetulia. Toeni masinia yote, futeni mafuta mengi kwa mkono, fungueni madirisha, na mtu mzima abaki nyumbani mpaka mlango ufunguke wenyewe.