Kapu Ni Samaki au Kikapu?

Mwaka 2001 Ziwa Naivasha lilifungiwa wavuvi kwa kuwa samaki walikuwa wamepungua mno. Mimi, mwalimu hapa Ndabibi, nakumbuka karo zilivyokosekana. Mwaka uo huo samaki aitwaye kapu alionekana ziwani, na kufikia 2010 alikuwa amewapiku wengine wote.

Lakini karani wa ufukoni akiandika "kapu 20", je, ni samaki au vikapu? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa humwandika samaki huyo FCP, duniani kote. Madaftari yetu yakitumia alama hiyo na kilo, kisha yakawekwa kwenye intaneti, wanafunzi watayasoma na wavuvi watayakagua. Anayeamriwa kuanika nyavu ana haki ya kuiona hesabu iliyomfungia ziwa.