Herufi za Duka si Herufi za Onyo

Msafiri atokaye Mbarara kwenda Endiinzi, na kuendelea hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hupokewa njia nzima na herufi za namna moja: nene, zenye ncha za mviringo, zilizoinama upande wa kulia kana kwamba zinapanda mlima. Zimo katika kuta za maduka, vioo vya teksi na milango ya vinyozi. Wako wanaozidharau kuwa ni za kishamba. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Herufi hizo zina nasaba ya kuheshimika. Mwaka 1922 mchoraji wa Chicago, Oswald Cooper, alitoa chapa iitwayo Cooper Black, na baadaye ikafuata ya mlazo. Aliziviringa ncha zote, akainenepesha mistari, akayabana matundu ya ndani ya a, e na o. Matangazo ya biashara yakaipokea kwa furaha. Fundi wetu wa mabango ana sababu nyingine ya kuupenda mtindo huo: ncha ya mviringo huusitiri upungufu wa brashi iliyochakaa. Kwa jina fupi la hoteli, lisomwalo na mpita njia mwenye nafasi ya kutazama mara mbili, sioni chapa iliyo bora.

Ubaya huanza pale fundi yule yule apewapo onyo la kuandika, naye akalitumia mkono ule ule. Kiswahili huliweka katazo katika silabi ndogo iliyomo ndani ya neno. Baina ya "uingie" na "usiingie" pana herufi mbili tu. Zinenepeshe, uzilaze, uziache juani misimu miwili, kisha uzitazame kwa umbali wa hatua 30: s imeziba, i mbili zimegandamana, na katazo limegeuka kuwa karibisho. Tena maneno yetu ni marefu. "Wanaosubiri kuandikishwa" hayaenei ubaoni kwa herufi pana. Fundi huanza kwa fahari upande wa kushoto, akamalizia kwa herufi zilizobanana kama abiria wa jioni.

Nakivale, inayopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, leo ina Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia. Msomaji mzoefu hulikisia neno kwa umbo lake. Mgeni anayejifunza Kiswahili, pengine aliyelelewa na herufi za Kihabeshi, husoma silabi baada ya silabi, na bango la maji yasiyofaa kunywewa lamhusu yeye kuliko mtu yeyote.

Jeshini namba za magari huandikwa kwa herufi zilizosimama wima na kuachana, wala hakuna azisifuye kwa uzuri. Yafaa wakuu wa makazi na wa mji wa Endiinzi wampe fundi, pamoja na kopo la rangi, karatasi ya mfano wa herufi za maonyo: wima, za unene wa kadiri, nyeusi juu ya nyeupe, na neno "Marufuku" likae peke yake katika mstari wa kwanza, kabla ya maelezo yoyote.