Mabati ya Kigango

Mimi si mhubiri, wala sikusomea teolojia. Nilisomea hesabu, tena hesabu za serikali, na maisha yangu yote ya kazi nimeyapitisha kati ya vitabu vya fedha. Kwa hiyo msomaji anisamehe nikianza habari ya njia ya Kikristo mahali ambapo wengine hawaanzii. Wao huanzia madhabahuni. Mimi naanzia kwenye fomu ya marejesho ya masurufu, pale chini kabisa, kwenye mstari ambao mtumishi hutia sahihi kuthibitisha kwamba safari alisafiri, siku alizilala na fedha alizitumia kama alivyoandika. Nimewaona Wakristo wengi wakipotelea kwenye mstari ule. Mmoja wao ni mimi.

Naandika nikiwa Mzumbe. Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa unafika Sangasanga, unakata kushoto, na baada ya kilometa chache unakikuta chuo chini ya milima ya Uluguru, na kijiji cha Changarawe kikiwa jirani yake. Waingereza walianzisha hapa, mwaka 1953, shule ya watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho sisi tuliosoma pale tulizoea kukiita IDM, na mwaka 2001 kikawa chuo kikuu. Kwa ufupi, ni mahali ambapo nchi imefundisha watu wake kushika kalamu ya umma. Na barabara hiyo hiyo inaendelea Mlali na kupanda Mgeta, ambako malori hushuka na kabichi, viazi, njegere na karoti za kulisha Morogoro na Dar es Salaam. Kalamu na gunia hupita njia moja. Katika miaka yote ile sikuwahi kuona kwamba vina uhusiano.

Mke wangu ni Mluguru wa Mgeta. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo shamba tunalolima huko juu ni la ukoo wake, na mimi ni mkwe tu, mtu wa kushika jembe na kunyamaza. Nilipostaafu mwaka 2018 waumini wa kigango cha huko walinichagua kuwa mweka hazina, kwa kuwa walisikia nimesoma Mzumbe. Mwaka uliofuata mfanyabiashara mmoja, muumini mwenzetu, asiyekosa Jumapili hata moja na mwenye besi ya kupendeza katika kwaya, alijitolea mabati ya paa zima. Akina mama walipiga vigelegele. Jina lake lilisomwa mara tatu. Nami niliyaandika mabati yale katika daftari kwa mwandiko wangu ulio bora kabisa.

Bwana huyo hununua viazi kwa wakulima wa huko huko. Hununua kwa gunia, na gunia lake ni lumbesa. Kwa msomaji wa mjini, ambaye hukutana na kiazi kikiwa tayari ni chipsi, nieleze kidogo. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha hushonewa kipande cha gunia jingine juu yake, likajazwa tena mpaka linaota mabega na kichwa. Bei ni ya gunia moja. Sheria inakataza, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na katazo hilo limetangazwa na wakubwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mimi niliyesomea kuhesabu. Lakini mkulima hana mizani, viazi havingoji, na barabara ya milimani wakati wa masika ni ya kumwomba Mungu. Mnunuzi akisema jaza, anajaza.

Siku ile, vigelegele vilipokwisha, mama mkwe wangu alinisubiri nje. Ni mdogo wake mama mzazi wa mke wangu. Mkwe na mama mkwe hawazungumzi ovyo, kwa hiyo alisimama kando akaitazama milima badala ya kunitazama mimi.

"Mkwe," akasema, "wewe ni mtu wa hesabu. Nikuulize?"

"Niulize, mama."

"Mabati yale ni mangapi?"

Nikamwambia ni sitini.

"Katika hayo sitini, yangu ni mangapi?"

Nilicheka, nikidhani anatania. Yeye hakucheka. Msimu ule alikuwa amemuuzia yule bwana magunia kumi na moja, na kila gunia lilikuwa na kichwa chake. Alitaka tu kujua kama na jina lake lingesomwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme kila gunia lilibeba kilo 30 za ziada: magunia kumi na moja yanatoa kilo 330, yaani magunia matatu na zaidi aliyotoa bure, bila kuombwa, bila kushukuriwa. Zidisha kwa wakulima wote wa mtaa ule. Paa lile walilitoa wao. Mfadhili wetu alikuwa mchukuzi tu, tena mchukuzi aliyejilipa kwanza.

Sikumjibu mama. Na hapa ndipo nataka tusemezane vizuri, ndugu msomaji, kwa maana sikunyamaza kwa kukosa jibu. Nilinyamaza kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimelitolea kanisa kwa namna ile ile. Katika halmashauri moja nilikofanya kazi nilitia sahihi safari ambazo sikusafiri. Kwa miaka kadhaa zilifika siku 41. Nazijua kwa kuwa shajara yangu ya nyumbani ilikuwa ya kweli kuliko fomu za ofisini. Na kila nilipolipwa posho ile nilitoa zaka. Fungu moja nilimpa Mungu, tisa nikala, na Jumapili nikapokea komunyo nikiwa na amani ya mtu aliyefunga hesabu zake vizuri.

Hili ndilo ninalotushitakia. Tumeligeuza kanisa kuwa dobi. Fedha inaingia na madoa yake yote, inatoka sadaka, na mwenye nayo anatoka mfadhili. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliokuwa wakihesabu saa ili sabato ipite wapate kupunguza kipimo na kuongeza bei. Ukifikiri vizuri, wale walikuwa na adabu kutupita sisi: walau waliingoja sabato iishe. Sisi kipimo cha uongo tunakileta ndani ya misa kikiwa ndani ya bahasha, na anayekusanya anainama kushukuru.

Wapo watakaosema nachanganya mambo ya kazi na mambo ya imani. Hao nawakumbusha mwaka 1991. Azimio la Arusha la 1967 lilimwekea kiongozi masharti: asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika makampuni. Februari 1991 chama kilikutana Zanzibar na masharti yale yakalegezwa. Nilikuwa mtumishi kijana, naikumbuka furaha iliyokuwapo maofisini, na nawakumbuka Wakristo wenzangu wakisema kwamba sasa tumefunguliwa. Tumefunguliwa na nani? Ubatizo haukuwa ajenda ya kikao kile. Amri ya kutoiba haikupitishwa na chama, kwa hiyo chama hakikuwa na uwezo wa kuilegeza. Lakini ilionekana wazi kwamba kilichokuwa kikitushika mkono miaka ile yote si imani, ni kadi.

Na Mwalimu Nyerere mwenyewe tumemtendea hivyo hivyo. Tunapenda kusimulia jinsi alivyokuwa akienda misa ya asubuhi, na tangu mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulipoanza katika Jimbo la Musoma mwaka 2005 tunaisimulia zaidi. Tunasahau kwamba Oktoba 1970, mbele ya masista wa Maryknoll kule New York, aliliambia Kanisa kuwa kazi yake ni kusimama na maskini dhidi ya mipango inayowaweka katika umaskini, la sivyo litapoteza maana kwao. Rozari ya Mwalimu tumeipokea kwa mikono miwili. Masharti yake tumemrudishia.

Utetezi ninaousikia zaidi ni wa mshahara, na huu siudharau. Miaka ya themanini mshahara ulikuwa hauvuki nusu ya mwezi. Nilipokuwa IDM niliwaona watu wazima, wenye shahada zao, wakifuga kuku uani na kulima mboga kando ya nyumba, wake zao wakikaanga maandazi kabla ya alfajiri. Tume ya Jaji Warioba, ilipotoa ripoti yake Desemba 1996, ilitofautisha anayekula rushwa kwa kuwa kipato hakimtoshi na mkubwa anayekula kwa tamaa. Nilipoisikia tofauti ile nilijiweka haraka katika kundi la kwanza. Nilijidanganya. Siku zangu 41 hazikuwa za miaka ya maandazi. Zilikuja baadaye, nikiwa na nyumba yenye vigae na mtoto katika shule ya kulipia. Katika miaka ya njaa nilifuga kuku kama wengine. Nilijifunza kuiba nikiwa nimeshiba.

Wengine husema mtu mmoja hawezi kubadili ofisi, na akikataa kusaini atahamishwa. Ni kweli, atahamishwa. Namfahamu mmoja aliyekataa, akahamishwa mbali mno na familia yake. Hakuna kigango kilichosoma jina lake mara moja, sembuse tatu.

Na wapo wanaosema Mungu huangalia moyo. Maneno haya hunichosha. Chukua Zakayo, mtoza ushuru, mtu wa fani yangu. Watoto wetu wote wanajua kwamba alikuwa mfupi na kwamba alipanda mkuyu. Injili ya Luka haisemi kwamba Yesu alimdai kitu mezani. Zakayo mwenyewe ndiye aliyesimama akataja tarakimu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Hakusema lolote kuhusu moyo wake. Alitoa hesabu. Sisi mti tunauimba, marejesho tunayaruka.

Basi mwaka 2022 nilikwenda kule nilikokuwa nafanya kazi. Nilikuwa na fedha za siku 41 kwa viwango vya wakati ule, mara moja tu, si mara nne. Zakayo alikuwa na uwezo kunishinda. Nilikuwa na barua pia. Kijana mhasibu alinipokea kwa shikamoo na kiti. Aliisoma barua, akainuka akafunga mlango, akaisoma tena. Kisha akanieleza kwa upole kwamba siku hizi kila malipo yanahitaji namba, na kila namba inahitaji kifungu cha mapato, na hakuna kifungu cha mtu aliyetubu. Akiingiza kama mapato mengineyo mkaguzi atauliza yametoka wapi, barua itapanda kwa mkurugenzi, na huko wataanza kuuliza ni nani aliyeidhinisha safari zile.

Wenzangu wawili walioidhinisha bado walikuwa kazini.

"Mzee wangu," akasema, "si ungezitoa tu kanisani? Kule wanapokea."

Kijana yule alikuwa amevaa msalaba shingoni. Alisema vile kwa nia njema kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni duka lililo wazi. Nilimshukuru, nikaondoka na fedha pamoja na barua. Ningeweza kumlazimisha aipokee barua. Sikufanya hivyo, na kisingizio kwamba niliwaonea huruma wenzangu nimekichunguza usiku mwingi, kina ukweli nusu. Zile fedha zipo mpaka sasa. Kanisani sijazipeleka.

Niliporudi Mgeta nilitoa hoja katika baraza la kigango: tusipokee tena mchango utokanao na mazao mpaka tununue mizani, iwekwe pale pale kigangoni, na kila mkulima apime gunia kabla halijapakiwa. Hoja haikupendwa. Mwenyekiti alisema kigango si soko. Mwingine aliuliza sakafu itamaliziwa na nani. Yule bwana wa besi, ambaye nakiri alikuwa mtulivu kuliko wote, aliniuliza mimi ni nani wa kumpimia mwenzangu. Ni swali la haki. Nikawaeleza siku zangu 41, zote, na zaka niliyoitoa juu yake.

Walinisikiliza kimya. Wiki mbili baadaye walikuja nyumbani wakiwa na kuku, wakanishukuru kwa utumishi wangu, wakaliomba daftari la hazina. Niliwapa. Sasa linashikwa na kijana mmoja mwangalifu. Sakafu imekwisha, inateleza kwa uzuri, na jina la aliyeigharimia lilisomwa.

Jumapili ya mavuno mama mkwe alileta maharage, debe moja. Wengine walikuwa wamejaza yao mpaka yakafanya mlima, na baadhi yalimwagika njiani wakienda altareni. La kwake alikuwa amelisawazisha juu kwa kiganja.