Methali mbili mbili

Tunaendelea na methali zetu. Leo tunazileta mbili mbili, kwa kuwa methali moja peke yake ni nusu ya shauri.

Kiswahili kinasema: «Haraka haraka haina baraka.» Kiswahili hicho hicho kinasema: «Ngoja ngoja huumiza matumbo.»

Tunasema: «Umoja ni nguvu.» Tunasema pia: «Wapishi wengi huharibu mchuzi.»

Wafaransa wanasema: «Baba alivyo, ndivyo mtoto alivyo.» Tena wao wenyewe wanasema: «Baba mchoyo huzaa mtoto mbadhirifu.»

Ipi ni ya kweli? Zote, kila moja kwa wakati wake. Ndugu zetu Warega, huko Pangi, wana kamba ya hekima iitwayo mutanga. Wanatundika juu yake vitu vidogo vidogo vya porini na vya nyumbani, na kila kitu kinakumbusha methali. Kuijua kamba yote si kazi ndogo. Lakini kazi kubwa ni kuchagua methali inayofaa shauri lililopo.

Tuangalie sasa nyumbani kwetu. Mtoto ana homa tangu jana. Jirani anamwambia mama: «Mvumilivu hula mbivu.» Methali ni nzuri, ila si ya homa. Malaria haisubiri, na mtoto mdogo inaweza kumuua kwa siku chache. Hapo jibu ni: «Ngoja ngoja huumiza matumbo,» na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Binti ana miaka 15, posa imeingia. Watu wanasema: «Samaki mkunje angali mbichi.» Methali hiyo ni ya malezi, si ya ndoa. Sheria ya Familia ya nchi yetu, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka miaka 18 kwa binti na kwa kijana. Hapo tujibu kwa heshima: «Haraka haraka haina baraka. Mwacheni amalize masomo.»

Mara nyingi methali inayotangulia ndiyo inayofunga shauri, na mama ananyamaza, eti maneno ya wazee hayajibiwi. Yanajibiwa, wamama: yanajibiwa kwa maneno ya wazee.

Kazi ya vikundi juma hili: kila mama alete methali moja ya kwao, iwe ya Kibangubangu, Kizimba au Kikusu, na wenzake watafute ya kuijibu. Mtuletee, tuziandike hapa.