Uzuri wa Mkakasi

Ndugu walimu, limezuka siku hizi neno ambalo hatuna budi kulijibu. Wako wenzetu wanaodai kwamba enzi ya msimulizi imekwisha. Kwamba kijana wa leo, awe Busia, Tororo au hapa kwetu Petta, ameshiba kwa macho, hana tena sikio la hadithi. Ushahidi wao ni mfululizo wa katuni za Kijapani uitwao Demon Slayer, ulioanza kuonyeshwa mwaka 2019. Hadithi yake, wasema, ni nyepesi: jamaa ya mvulana Tanjiro wanauawa na zimwi, dadake Nezuko anageuka zimwi, naye anashika upanga ili apate kumponya. Kinachowavuta vijana ni picha tu. Basi, wamaliza, tuziache ngano, tufundishe kwa picha.

Dai hili tunalikataa.

Hatukani kwamba picha hizo ni nzuri. Upanga wa Tanjiro upitapo, mawimbi ya maji huufuata, yamechorwa kwa mistari ikumbushayo kazi za kale za Hokusai zilizochapwa kwa vibao vya mbao. Wala hatukani kwamba ni picha hizo zilizoitangaza hadithi duniani. Lakini hadithi ilitangulia. Koyoharu Gotouge aliichora kwa wino mweusi katika jarida la vijana tangu 2016 hadi 2020, nayo ikapata wasomaji kabla mchoro haujajua kutembea.

Tulitazame tukio lisifiwalo kuliko mengi, katika sehemu ya 19. Tanjiro yu karibu kuuawa na Rui, zimwi lenye nyuzi za buibui. Mara anamkumbuka marehemu babake, mgonjwa aliyecheza ngoma ya mungu wa moto thelujini. Na maji ya upanga yakageuka moto. Kwa asiyejua habari za baba, moto ule ni nini ila cheche? Kisha Rui anapokufa, anawakumbuka wazazi aliowaua mwenyewe. Hapo hapana fahari ya rangi, lakini moyo huumia. Kinyume chake, palipo na mapigano marefu, rangi zikiwaka na habari imesimama, sisi tulichoka.

Ushahidi mwingine u mlangoni petu. Katika mabanda ya video, filamu ya kigeni haitoshi mpaka apatikane wa kuisimulia. VJ Jingo amejipatia jina Uganda kwa Kiganda. DJ Afro Kenya, na Lufufu Tanzania, kwa Kiswahili. Picha ni ile ile aliyoipiga mgeni; watu wamefuata mdomo.

Jambo hili latuhusu sana. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Je, mtoto wa Petta, aongeaye Kidhopadhola nyumbani, atakipenda kwa kutazama picha ukutani hali mwalimu amenyamaza? Na aonyeshwe katuni hiyo, sauti imezimwa. Kisha asimame, awasimulie wenzake kwa Kiswahili ni kwa nini maji yamegeuka moto. Akiweza, amepata lugha.

Wahenga walituonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tusiwape wanafunzi wetu mkakasi.