KILIMO NI ELIMU, SI ADHABU



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ndugu wazazi na wanafunzi, mwaka huu napenda tuzungumze juu ya jembe.

Katika shule na madrasa nyingi, mtoto akichelewa au akifanya utundu hupelekwa kulima. Je, anajifunza nini hapo? Anajifunza kuwa shamba ni adhabu, na mwenye kulima ni mtu aliyekosa. Kisha tunashangaa vijana wanapokimbilia mjini na kuwaachia wazee mashamba yaliyochoka!

Dini yetu haikufundisha hivyo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Lakini sadaka hiyo inahitaji elimu. Mwenye kuimaliza rutuba ya ardhi leo, kesho hatakuwa na cha kumlisha hata ndege.

Tutazame mfano wa Mzee Yacouba Sawadogo wa kijiji cha Gourga, kaskazini mwa Burkina Faso. Utotoni alipelekwa Mali kusoma chuo cha Qur'an. Ukame ulipoikausha nchi yake mwanzoni mwa miaka ya 1980, wengi walihama. Yeye alifuata njia ya wazee wake iitwayo zaï, yaani vishimo vinavyochimbwa wakati wa kiangazi katika ardhi ngumu. Alivipanua, akavitia samadi. Mchwa wakaifuata samadi na kuitoboa ardhi. Mvua iliponyesha, maji hayakukimbia, yakazama humo humo penye mbegu za mtama na uwele. Watu walimwita mwendawazimu, hata shamba lake likachomwa moto. Alisubiri, na miti aliyoilea ikawa msitu wa zaidi ya hekta 20.

Tena hakuificha elimu yake. Mara mbili kwa mwaka aliwakaribisha shambani kwake wakulima kutoka vijiji zaidi ya 100, wakabadilishana mbegu na ujuzi. Mwaka 2018 alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2023, Allah amrehemu.

Sasa tujiulize. Katika vijiji vya mbali bwana shamba hufika kwa nadra, lakini madrasa ipo, mwalimu yupo na watoto wapo. Kwa maoni yangu, kila madrasa ya kijijini itenge kipande cha ardhi, wanafunzi wafundishwe mambo matatu:

1. Kutengeneza mboji badala ya kuchoma majani.
2. Kuchimba vishimo vya kukinga maji kabla ya mvua.
3. Kuchagua na kuhifadhi mbegu.

Wapo watakaosema mtoto ameletwa kusoma Qur'an, si kulima. Ni kweli, Qur'an ndiyo ya kwanza na muda wake usiguswe. Saa moja kwa wiki yatosha. Na mavuno yawe ya wanafunzi wenyewe, si ya mwalimu, isije ikawa ni ile ile adhabu kwa jina jingine.

Wanafunzi wapenzi, anayejua kuihuisha ardhi iliyokufa asiogope kuitwa mkulima. Allah atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.