Ujira wa Kalamu na Kura ya Tajiri

Kwa kuwa Facebook hukusanya maneno na picha za waja, ikawauzia wenye matangazo macho ya wasomaji, na waandishi walio wengi wasiambulie hata senti, si ajabu kwamba Steemit, jukwaa la waandishi mtandaoni, ilipozuka mwaka 2016 na ahadi ya ujira kwa makala yaliyopigiwa kura, ilipokewa kwa bashasha.

Lakini uzito wa kura, na hapa ndipo penye ila, ulifuata wingi wa sarafu za kidijitali alizonazo mpiga kura. Hata Machi 2020, mfanyabiashara wa sarafu hizo Justin Sun akiisha kuinunua kampuni ya Steemit, masoko ya sarafu yalizitumia amana za wateja kupiga kura za kuwaondoa wasimamizi wa mtandao waliochaguliwa. Waliokataa walinakili daftari la kumbukumbu za mtandao huo, wakahamia mtandao mpya, Hive. Sisi twaisifu hijra hiyo, ambayo mtumiaji wa Facebook hana njia yake, kuliko ujira wenyewe.